Kusimama Mbele ya Bembea

Mwakingali, Voi
Jumanne, 26 Agosti

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Nakusalimu kutoka huku chini kwenye joto na vumbi jekundu, nikitumaini barua hii imekukuta kibarazani, ukungu wa Chawia umeshapanda na chai ya Mama bado ni ya moto. Macho yanaendeleaje? Yale matone unaweka asubuhi na jioni kama daktari alivyosema, au unangoja mpaka Mama agombe? Na kifua cha Mama je? Mwambie ile sweta si ya kanisani peke yake, aivae hata akienda shambani.

Sylus, nakusalimu na wewe, maana najua ni wewe umeshika karatasi hii unamsomea Baba. Najua pia tabia yako ya kuruka ruka, ukiona barua ni ndefu unasema "na kadhalika na kadhalika" halafu unaenda kwa mwisho. Leo nakuomba usiruke mstari hata mmoja. Ukifika mahali sauti ikakataa, kunywa maji, kisha uendelee. Ni mimi dada yako nakuomba.

Sisi huku hatujambo. Baba, wajina wako, Crispus mdogo, anaota meno mawili ya juu kwa pamoja, na wiki mbili sasa silali ila kidogo kidogo kama kuku. Vincent bado yuko na lori la ndizi, Taveta kwenda na kurudi. Akifika anamkuta mtoto amelala, akiondoka anamwacha amelala, mpaka nimemwambia siku moja watafahamiana. Wendy ameota jino jipya mahali pa lile uliloling'oa kwa uzi. Anakuulizia kila siku. Bado anaogopa kila kitu: bafu la giza, jogoo wa jirani, treni ikipiga honi.

Elsie, yule binti wa jirani yenu, atakuletea barua hii pamoja na gunia dogo lililoshonwa mdomo. Baba, nakuomba gunia lisifunguliwe mpaka barua iishe. Mama, na wewe pia, nakujua.

Utauliza kwa nini niandike wakati kuna simu. Kwa simu wewe unaniuliza "unanisikia?" mara kumi, halafu Mama anainyakua, halafu mtandao unapotelea kwenye mawingu. Na jambo lenyewe si la kupigiwa kelele. Nilitaka kukuambia ulipokuja kuonyesha macho hospitali, ile siku nilipokupeleka kwenye mabembea, nikashindwa. Unakumbuka Wendy alikushika kidole akakuomba umfungie bembea nyumbani, ya chini, ya miguu kugusa nyasi. Ukamwambia Babu hafungi kamba. Hakulia, lakini hajasahau. Mimi najua kwa nini hufungi kamba, na najua pia kwamba sababu yenyewe si kweli. Hilo ndilo nataka kulisema. Lakini acha nianzie mbali kidogo, kwa sababu nisipoanzia mbali sitafika.

Mabembea yalikuja mwanzo wa likizo, malori matatu kutoka Mombasa. Asubuhi uwanja ng'ambo ya reli ulikuwa na mbuzi, na jioni ya siku ya tatu lilikuwa limesimama gurudumu refu kuliko ghorofa yoyote ya mtaa wetu, lenye vibanda vya rangi na taa pembeni. Jirani yangu Saadiya, ambaye shemeji yake Fuad ndiye msimamizi, aliwekwa dirishani kukata tiketi. Akaja akaniambia wanatafuta mwanamke wa kusimama mlangoni kupanga watoto, maana vijana waliokuja nao wanajua mashine lakini hawajui watoto. Akasema, Mama Wendy, wewe una sauti ya upole lakini ukisema hapana hata kanisa zima linakaa. Nikamfunga Crispus mgongoni nikaenda.

Kazi yenyewe ni hivi, Baba. Kuna fimbo ya kupimia, nyeupe na nyekundu. Mtoto ambaye kichwa chake hakifiki alama ya kwanza anaenda kwenye garimoshi dogo au jumba la hewa la kurukia. Akifika alama ya pili anapanda farasi wa kuzunguka. Ya tatu, ndipo viti vya minyororo, vile vinavyoruka duara kama sketi ya mtu anayecheza. Gurudumu kubwa mdogo haendi bila mtu mzima. Basi, hivyo ndivyo Fuad alivyonifundisha, akadhani amemaliza.

Lakini fimbo inapima urefu tu. Siku mbili za kwanza nilipeleka watoto warefu wakashuka wamejikojolea, na wafupi wakabaki wanalia kwa hamu. Nikaanza kuangalia vitu vingine. Mtoto anayeuliza maswali mengi hana shida, anataka tu kuambiwa. Mwenye shida ni yule aliyenyamaza, anayekunja vidole vya miguu ndani ya malapa. Huyo simpandishi kwanza. Namwambia tusimame pamoja tuangalie mzunguko mmoja mzima, aone unavyoanza na aone unavyoisha, kwa sababu ninaona kinachotisha zaidi ni kutojua kama kitu kitaisha. Akikubali farasi, namweka farasi wa ndani, si wa nje. Wa nje anakimbia zaidi ingawa wote wamepigiliwa ubao mmoja. Aliyetoka kula viazi namwambia angoje. Na wazazi wanaosema kwa sauti kubwa ati mtoto wangu haogopi kitu, nawaangalia wao kwanza, mara nyingi mwenye hofu ni wao.

Na jambo moja lingine, ambalo naomba ulikumbuke mpaka mwisho wa barua. Kuna bembea ndogo za kusukuma kwa mkono, za watoto wachanga. Vijana walikuwa wanasimama nyuma ya mtoto, wanasukuma huku wanaongea na wasichana. Nikawaambia hapana, anayembembeza mtoto asimame mbele yake, amsukume magotini, auone uso. Ukiwa nyuma unaona kichwa tu, na kichwa hakisemi kitu. Walinicheka, wakaniita Madam wa Magoti. Lakini sasa wote wanasimama mbele.

Si watoto tu wanaoogopa. Kuna Mama Ndanu anayeuza nyanya sokoni, mtu wa miaka kama sitini na ushee. Alikuja jioni moja peke yake amevaa kitenge cha Jumapili, akasema anataka gurudumu. Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema anaogopa sana, ila binti yake ameolewa Rukanga, chini ya mlima wa Kasigau, na yeye hajawahi kuiona Kasigau kwa juu, anataka kuona mwanawe anakaa wapi. Nikampa Saadiya mtoto, nikapanda naye. Alifumba macho, akanishika mkono mpaka nikahisi pete yake kwenye mfupa. Tulipofika juu kabisa gurudumu likasimama kupakia watu wa chini, tukabaki tunaning'inia, upepo unapita polepole, muziki unasikika kama unatoka nyumba ya mbali. Nikamwambia, Mama, tumefika, fungua kidogo tu. Akafungua.

Baba, sijui nikuelezeje. Jua lilikuwa linashuka, vumbi lote la Voi limekuwa dhahabu, na treni ya Nairobi imelala kwenye reli kama uzi. Upande mmoja Kasigau imekaa peke yake, ya buluu, na upande mwingine milima yetu na mawingu yamelala juu yake, nikajua chini ya wingu mojawapo wewe na Mama mmeketi. Mama Ndanu alisema, kumbe si mbali. Na mimi nikaona kama sisi hatujapanda kitu, ila nchi ndiyo imejishusha taratibu ili tuione. Tangu siku hiyo nikilala nahisi kitanda kinazunguka polepole, kinapanda, kinasimama juu. Sijui ni ndoto au ni uchovu. Mara nyingine naona uso mdogo mbele yangu unakuja na kurudi, unakuja na kurudi, na kila ukija najua ni wa nani.

Halafu ukaja wewe.

Kwa vile macho hayaoni vizuri, uliona taa zote zimevimba, ukaniuliza nani ameangusha nyota uwanjani. Wendy alicheka mpaka akakaa chini. Ukataka uguse kila kitu. Ukamgusa farasi masikio, ukapapasa fimbo yangu, halafu ukafika kwenye viti vya minyororo, ukaanza kupitisha vidole pete moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayesali. Ukamuuliza Fuad nani alifunga hapa. Fuad akakujibu kwa heshima, maana amelelewa vizuri, akasema mzee wangu, hiki ni chuma, hakifungwi, kimechomelewa. Ukamwambia, mwanangu, kila kitu kimefungwa na mtu. Akacheka. Wewe hukucheka. Ukamwambia aangalie kila asubuhi, kwa sababu wewe uliwahi kufunga fundo moja vibaya, likaachia, na mtoto wako anachechemea mpaka leo.

Nilikuwa nimesimama hapo, Baba, hatua mbili tu, Crispus mgongoni na tiketi zilizochanika mkononi. Sikuwahi kukusikia ukilisema kwa mdomo wako. Nyumbani Mama ndiye alikuwa akilisema akikasirika, wewe unatazama pembeni. Nilifungua mdomo. Saadiya akaniita kuna foleni, nikaenda. Nilifurahi kuitwa. Hilo nalo nalikiri.

Sasa Jumamosi iliyopita. Watu walikuwa wengi, mtoto hakunilaza usiku kucha, kichwa kinaniuma. Watoto wa alama ya tatu walikuwa wanaviogopa viti vya minyororo kwa sababu asubuhi kuna mmoja alitapika, basi Fuad akaniambia, Bi Wakio, mkalishe wako wa kike pale mbele, wenziwe wakimwona watapanda. Wendy kichwa chake kinafika alama, kwa shida lakini kinafika. Mimi mwenyewe najua vidole vyake vya miguu vilivyokuwa. Niliviona nikajifanya sijaviona. Nikamfunga mkanda, nikasimama nyuma yake.

Nyuma, Baba. Mimi, Madam wa Magoti.

Akasema, kwa sauti ndogo, Mama naomba nishuke. Nikamwambia akae, hatadhurika. Akasema tena. Nikamwekea mkono mgongoni, nikajisikia nikisema, wewe ni mwoga, hata mbuzi wana moyo kuliko wewe. Na papo hapo mkono wangu ukaukumbuka mgongo mwingine, mdogo hivyo hivyo, wenye shati la shule lililotoka jasho, na maneno ni yale yale, hata mbuzi ni wale wale. Fuad alikuwa ameshashika swichi. Nikapiga kelele asimamishe, mpaka muziki ukazimwa. Nikamfungua. Kijana mmoja kwenye foleni akasema, Madam, kwani huyo wako ni yai? Wengine wakacheka. Nikamwambia ndiyo, ni yai, na wewe pia ulikuwa yai la mtu, ngoja zamu yako. Nikatoka na Wendy mpaka nyuma ya malori, tukakaa kwenye kivuli. Akanipangusa uso na kiganja akaniambia yeye hataki ya kuruka, anataka ya Babu.

Basi nimefika. Sylus, kunywa maji.

Baba, fundo lako halikuachia.

Nilikuwa na miaka tisa, Sylus mitano. Nyinyi mlikuwa mmeenda mazishi kule Mgange, mkaniachia nyumba na mtoto. Bembea ilikuwa mpya, wiki haijaisha. Nakumbuka ulivyoisokota ile kamba mwenyewe, mkonge umeuloweka, unausokota pajani jioni nzima, mimi nakushikia ncha. Sylus alipanda, nikamsukuma. Akasema basi dada. Nikasukuma tena. Akasema basi, nashuka, akaanza kulia, nikamwambia hata mbuzi wana moyo kuliko wewe, nikasukuma kwa nguvu zangu zote kwa sababu nilitaka aache kulia. Nilikuwa nyuma. Sikuuona uso. Alipofika juu aliachia mikono, na akatoka kwenye ubao kama nguo iliyopeperuka. Bembea ikarudi tupu, ikanigonga kifuani.

Mguu wake ulikuwa umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjwi. Akawa ananiita. Na mimi, Baba, badala ya kwenda kwake, badala ya kukimbia kwa jirani, nilipanda mparachichi uliofungiwa bembea. Nilienda kufungua fundo. Nilijua nisipolifungua mtajua ni mimi. Lilinikatalia. Nilivuta mpaka kucha ikang'oka, nikaliuma kwa meno, nikalitafuna kama mbuzi mwenyewe, na damu ya ufizi ikaingia kwenye kamba. Fundo lako lilikuwa gumu hivyo. Lilipoachia upande mmoja, bembea ikaanguka, nikashuka, ndipo nikakimbia kuita watu. Muda wote huo Sylus alikuwa akiniita. Nilikuwa namsikia.

Mlipofika, uliokota ile kamba ukaiangalia ncha. Mama akakuambia maneno. Ulienda ukaikatakata kwa panga, vipande vidogo vidogo, na tangu siku hiyo hujasokota kamba, hata mbuzi unawafunga kwa nailoni ya dukani. Mtu ambaye watu wa mashamba yote ya mkonge huku chini walimjua kwa mikono yake. Miaka kumi na minane umebeba kosa langu, na mimi nimekuangalia ukilibeba, nimekula chakula chako, nimesoma mpaka nilipofika, nimeolewa ukanibariki.

Mama, yale maneno uliyomwambia Baba siku ile na siku nyingine, nayachukua mimi. Ni yangu. Usimwambie tena.

Sylus, ndugu yangu, wewe ndiye umeyasoma haya kwa mdomo wako, na sikuona njia nyingine. Ningeweza kumpa Elsie ayasome, lakini ungekuwa umekaa pembeni ukisikia habari yako kama mtu mwingine, na hiyo ingekuwa mara ya pili nakuacha chini. Hukuwahi kulisema. Sijui kama ulisahau kwa maumivu au ulinifichia. Siku moja ukitaka niambie, usipotaka usiniambie. Sikuombi unisamehe leo. Ninachokuomba ni ujue kwamba uliposema basi, ulisema vizuri na ulisema kwa sauti, na aliyekosea kusikia ni mimi.

Baba, wewe ulinisimulia jinsi marehemu Babu yetu alivyokuwa akitasa. Mtu akiwa na hasira na mtoto wake haifichi moyoni, maana ikikaa huko inawala watu wa nyumba. Anachukua maji ya muwa mdomoni, anaitaja hasira yenyewe, anaipuliza chini, inatoka. Mama atasema sisi ni watu wa kanisa. Ni kweli, Mama, na mimi ni mtu wa kanisa. Lakini hasira ya Baba kwangu ni halali yake na sitaki aimeze, amemeza ya kutosha. Kama ataikasirikia barua hii siku tatu, akasirike siku tatu. Kama ni mwaka, nitangoja. Ila akiwa tayari, achukue maji ya bomba tu, aitaje kwa jina langu, apulize.

Sasa mnaweza kufungua gunia. Ni singa za mkonge, nyeupe, ndefu, nimechagua mwenyewe. Baba, huhitaji macho kwa kazi hiyo, hukuyatumia hata zamani, ulikuwa ukisokota huku unaangalia milima. Ukizirudisha na Elsie nitaelewa na sitauliza. Ukizisokota, mabembea yanafungasha Jumapili hii, na Jumamosi itakayofuata nitapanda huko na watoto. Ifunge chini, miguu iguse nyasi. Wendy akisema juu, juu, akisema basi, basi. Nami nitasimama mbele yake.

Msalimie Mama, umwambie nitamletea dawa ya kifua na ndizi za Taveta. Salimia majirani wote wa huko Chawia, na ng'ombe ambaye najua hujampa jina bado. Wendy anasema nikuandikie kwamba nyota za uwanjani zinakusalimu. Crispus mdogo ameishika karatasi hii, ile alama ya mate hapo chini ni yake.

Mimi ni mtoto wako,
Wakio